Siku Sitini za Kujibu

Muscat haikuwahi kutufukuza. Nalisema hili mapema kwa sababu habari za Uarabuni zinazofika nyumbani kwa kishindo ni za mabinti wa kazi za ndani walionyang'anywa pasipoti na kunyimwa mshahara. Habari hizo ni za kweli. Baadhi ya mabinti hao nimewahudumia wodini kwa mikono yangu. Sisi tulikuwa kundi jingine. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo ya kupoza hewa, ile mikubwa inayokaa juu ya paa na kupoza jengo zima, na mimi ni muuguzi. Tulikuwa na mikataba, bima ya matibabu, tiketi za likizo na nyumba ya kupanga Al Khuwair. Mshahara uliingia bila kukatwa kodi hata baisa moja, na kwa kuwa rial ya Oman imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, rial moja kwa dola 2.60, hatukuwahi kuamka na kukuta thamani yake imeyeyuka. Mtu wa Tanga akipata riziki ya namna hiyo haagi watu kwa kuhama. Anasema anakwenda kutafuta, atarudi.

Tukaishi kama watu watakaorudi. Makochi tulinunua ya mtumba kwa Mfilipino aliyekuwa anaondoka. Vyombo vizuri vilikuwa Tanga, kabatini kwa mama, vikisubiri nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa Kange, hapo hapo Tanga: kila likizo tuliikuta imepanda kozi chache za tofali, na fundi akitueleza kwa nini saruji haikutosha. Ilipofika kwenye linta ikakaa hapo. Karibu kila familia ya Kitanzania niliyoijua Oman ilikuwa na jengo lililosimama kwenye linta mahali fulani, Tanga, Pemba, Mbagala, na jengo hilo ndilo lililojibu kila swali gumu. Watoto watasoma wapi? Tumalize nyumba kwanza. Mtarudi lini? Tumalize nyumba kwanza.

Ukaazi wetu wote ulining'inia kwenye kazi ya mume wangu. Yeye alidhaminiwa na kampuni, sisi tukadhaminiwa na yeye, na hata nilipopata ajira hospitalini watoto walibaki kwenye jina la baba yao. Binti yetu mkubwa alizaliwa Muscat, lakini kuzaliwa Oman hakumpi mtoto wa mgeni uraia, wala haki ya kubaki baba yake akikosa kazi. Sikuliona hilo kuwa dhuluma. Oman imekuwa na sera ya kuwatanguliza Waomani kwenye ajira tangu 1988, na nchi ambayo vijana wake wanahitimu na kukaa barazani ina haki ya kufanya hivyo. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2015 ya kudhibiti ajira za wageni, na hatuoni haya kuitumia. Mwanzoni mwa 2018 Oman ilisimamisha viza mpya kwa kazi 87, mafundi wa aina kadhaa wakiwemo. Tuliokuwa tayari ndani hatukuguswa. Tulisoma ile orodha, tukapumua, tukaendelea kutuma fedha ya saruji.

Kilichotushtua kilikuja 2020, wakati wa korona. Kampuni ya mume wangu ilipunguza mishahara, kisha ikapunguza watu. Miongoni mwao alikuwemo msimamizi wake, mtu wa Kerala aliyeingia Oman kijana na kuota mvi pale pale. Alipewa kiinua mgongo chake na tarehe ya kuondoka, wakati binti yake yuko darasa la kumi na mbili, mwaka wa mtihani. Nilikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Nilitegemea machozi, na hayakuwa mengi. Kilichonikaa moyoni ni jinsi ile nyumba ilivyokuwa haina vitu vya kufunga. Makochi ya mtumba, kama yetu. Kuta tupu, kama zetu. Nao walikuwa na jengo lao huko Kerala, na vyombo vyao vizuri vilikuwa huko.

Baada ya hapo nikaanza kumsikiliza kaka yangu, anayeishi Hamilton, jimbo la Ontario, tangu alipokwenda kusoma. Kwa muda mrefu alinisumbua juu ya mfumo wa Kanada uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Unajaza maelezo yako, unapewa alama kati ya 1,200, unasubiri, na wenye alama nyingi huitwa kwanza. Umri una alama zake: mwombaji anayehama na mwenza wake, akiwa na miaka 20 hadi 29, hupata 100, akifika 35 zimebaki 70, akifika 45 hana kitu. Lugha ina alama, elimu ina alama, na ukiwa na ndugu wa damu anayeishi Kanada kama raia au mkaazi wa kudumu unaongezewa 15. Kaka alifurahi kupita kiasi aliposikia kwamba yeye mwenyewe ni alama 15. Mpaka leo tukigombana ananikumbusha.

Tulipiga hesabu mbili, moja mume wangu akiwa mwombaji mkuu na nyingine nikiwa mimi. Yeye alikuwa amevuka 40. Mimi nilikuwa na 32, stashahada na shahada ya uuguzi, na Kiingereza kilichonolewa na madaktari wa Kihindi wasiopenda kurudia maneno. Tofauti ilikuwa kubwa, haikubishaniwa. Jina langu likaenda juu ya fomu, lake likaja chini pamoja na watoto. Alicheka, kisha akauliza kama kuna chai. Nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba akiuliza chai saa nne za usiku, ana jambo.

Makaratasi sitayasimulia, aliyeyapitia anayajua, na asiyeyapitia atachoka. Nitataja fedha tu. Familia ya watu wanne ilitakiwa kuonyesha zaidi ya dola 25,000 za Kanada, nazo ziwe zenu, si za kukopa. Fedha hizo tulikuwa nazo. Zilikuwa paa la Kange.

Mwaka 2023 Kanada ikaanza kuwaita watu kwa makundi ya taaluma, na kundi la kwanza, mwishoni mwa Juni, lilikuwa la afya. Mimi niliitwa Julai. Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa nabadili nguo kwa zamu ya usiku: nina siku 60 za kuwasilisha maombi kamili, zikipita mwaliko umekufa. Zamu ile nilipima presha za watu huku yangu sijui iko wapi.

Mpaka siku hiyo Kanada ilikuwa mazungumzo ya baada ya chakula. Maisha ya mkataba yana starehe moja ambayo sijawahi kusikia mtu akiitaja: yanakuruhusu usiamue. Kila baada ya miaka miwili mwajiri anaamua kwa niaba yako, na kazi yako ni kumshukuru au kumlaumu. Sasa tulikuwa tumeulizwa wenyewe.

Tukaanza walikoanza wote, kulinganisha nchi. Kanada ina baridi, Oman ina joto. Kanada ina kodi, Oman haina. Oman kuna adhana na chakula cha halali kila kona, Kanada utautafuta msikiti kwa gari. Marafiki wakatuma video: huyu anasifu, yule analia ndani ya theluji. Tungeweza kuendelea hivyo siku 60 zote bila kufika popote, kwa sababu kila nchi ina watu wanaoisifu na wanaoilia.

Nilimwendea Bibi, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Ni Muomani aliyezaliwa Unguja, mmoja wa wale waliotoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na kufika Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita nyumbani wenye asili ya Oman. Qaboos alipoishika, nchi ilikuwa na shule tatu tu za serikali, kwa hiyo yeye, msichana aliyesoma Unguja, akawa mwalimu siku si nyingi. Kiswahili chake hakijabadilika tangu hapo, na binti yangu, mtoto wa Tanga, anaongea Kiunguja kwa sababu yake. Nilikwenda nikitaka kuhurumiwa.

"Mnalia nini nyie?" akaniuliza. "Sie tuliambiwa tokeni. Mama yangu alitoka na kanga mbili, kajifunga moja juu ya mwenziwe. Wewe umeandikiwa barua njoo, tena ukapewa na siku za kufikiri."

"Lakini Bibi, kule sina mtu ila kaka yangu."

"Sasa mtu akishakuwa na kaka yake anataka nani tena?" Kisha akataka kujua, nikienda huko, nani atamletea dagaa wa Kigoma.

Nilipanda ngazi nimekasirika, na hasira hiyo sijaimaliza yote. Bibi alipima jambo langu kwa rula ya aliyefukuzwa, na kwa rula hiyo mwalikwa hana haki ya kuugua. Naona vingine. Aliyefukuzwa akikwama ana wa kumlaani. Aliyejichagulia akikwama atamtazama mwenzake mezani, na kama mwenzake ndiye aliyelisukuma jambo, ndoa nzima itakaa kwenye macho hayo. Nimeziona ndoa za namna hiyo hapa Kanada, na pale Muscat pia.

Aliyebadilisha swali ni mume wangu. Ijumaa moja baada ya sala alichukua fomu ya kazi ya kampuni, akaigeuza nyuma, akapiga mistari. Juu aliandika Muscat, Tanga, Kanada. Pembeni aliandika watu: mama yangu, yeye, mimi, binti, mdogo wake wa kiume. Akasema, "Tuache habari ya wapi pazuri. Tuandike kila mahali nani anatoa miaka yake."

Kwenye Muscat tulikaa muda mrefu kalamu ikiwa hewani. Kwa wakati ule, hakuna aliyekuwa akitoa kitu, na hilo ndilo lililotubembeleza miaka yote. Lakini binti alikuwa na miaka tisa, katika shule ya mtaala wa Kihindi ambayo ada yake tuliimudu. Akimaliza, vyuo vya binafsi vipo na ada yao si ya mfuko wetu, na hata akihitimu atabaki tu kama kuna mwajiri wa kumdhamini. Watoto wa wenzetu waliomaliza shule waliondoka peke yao na miaka yao 18: India, Malaysia, Uturuki, mwenye nacho Uingereza. Kanada yenyewe inawatoza wanafunzi wa nje ada mara kadhaa ya wanayolipa wakaazi. Kwa hiyo familia ingegawanyika tu, ila ingegawanyika baadaye, kwa ada ya mgeni, na sisi wawili tukibaki Al Khuwair kusubiri mkataba. Chini ya Muscat akaandika jina la binti.

Tanga ilikuwa rahisi kuandika na ngumu kuitazama. Mama angefurahi. Watoto wangeyumba mwaka mmoja, mtaala mwingine, Kiswahili cha kuandika, kisha wangesimama. Mume wangu angefungua karakana yake Ngamiani. Aliiwaza hata saa za kulala. Na mimi? Tanzania ina wauguzi wengi waliohitimu wanaosubiri nafasi zitangazwe, na zikitangazwa wanaoomba wanazidi nafasi mara nyingi. Ningerudi kwenye foleni niliyoitoroka. Sikusema neno. Aliandika jina langu chini ya Tanga mwenyewe, akalipigia mstari. Sikujua kama alikuwa ameliona hilo.

Chini ya Kanada aliandika majina mawili: lake na la mama.

Lake, kwa sababu kazi ya mitambo ya kupoza hewa Ontario ni ufundi uliofungwa kisheria. Huruhusiwi kuugusa mtambo bila cheti cha jimbo au bila kuwa mwanagenzi aliyesajiliwa. Mtu aliyekuwa akiamshwa usiku kwa sababu mitambo ya hospitali imezima na nje ni nyuzi 40 na ushei angeanza upya, abebe mkoba wa kijana. La mama, kwa sababu kwenye fomu ya Kanada familia ni mwenza na watoto wasiozidi umri wa miaka 21. Mama hana kisanduku. Mpango wa kuwaleta wazazi moja kwa moja ulikuwepo, lakini serikali ilikuwa ikiwachota watu kutoka kwa waliojiandikisha 2020, na sisi hatukuwamo. Ipo pia viza ndefu ya kuwatembelea watoto, inayomruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kwa mkupuo, kwa sharti la bima ya afya ya kujilipia. Mama yangu ana kisukari na presha. Mimi ni muuguzi, najua kampuni ya bima inasoma nini kwenye faili la namna hiyo.

Nilimpigia. Kutoka Muscat nilikuwa mbali naye kwa ndege ya moja kwa moja ya saa tano na kitu mpaka Dar es Salaam, halafu basi. Kutoka Toronto ni zaidi ya siku nzima na kubadili ndege.

"Mwanangu, hapo ulipo unakuja mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka, mama."

"Na huko?"

"Labda mara moja kwa miaka miwili."

Alikaa kimya kidogo. "Haya. Mwachie dada yako kadi yangu ya kliniki, yeye ndiye atakayenipeleka. Na hiyo nyumba ya Kange msiuze, nishawaambia watu ni yenu."

Tulijibu siku zikiwa zimebaki chache. Watu wanapotuuliza kilichotuamua hutaka kusikia shule au usalama au pasipoti. Kwangu kilichoelemea ni kwamba mume wangu alijua anachokitoa, akakiandika kwa mkono wake, na hakunitaka nimlipe kwa shukrani. Alinitaka jambo moja: nisiache kuitafuta leseni yangu ya uuguzi kwa sababu ya njaa ya mwezi wa kwanza. Alikuwa ameona madaktari na wauguzi wa kigeni waliochukua kazi ya kushikiza na ikawashikiza moja kwa moja. Nililiona ombi dogo. Baadaye ndipo nilipojua uzito wake, usiku nikitoka kuogesha wazee kwenye nyumba ya malezi, mgongo umekwisha, na vitabu vya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, viko mezani vinanitazama. Mtihani huo unaendeshwa na kompyuta inayochagua swali linalofuata kwa jinsi ulivyojibu lililopita; hujui kama utafungiwa kwenye swali la 85 au utaburuzwa hadi la 150. Mara mbili nilitaka kuahirisha. Mume wangu, mwanagenzi wa kijana aliye rika la mdogo wake wa mwisho, aliniuliza tu kama kuna chai.

Leseni ninayo sasa. Yeye bado ana saa za kutimiza kabla ya mtihani wake wa cheti. Kwa fedha tumerudi nyuma, na wanaojiandaa kutoka Ghuba waambiwe hili bila kupakwa mafuta: tulichokuwa tukikiweka akiba Muscat hapa kinakwenda kwenye pango, kodi na mavazi ya baridi yanayowabana watoto kila mwaka. Paa la Kange halijaezekwa. Tulichokipata ni kwamba mume wangu akipoteza kazi Jumatatu, Jumanne bado tuko nyumbani kwetu. Ukaazi wa kudumu wa Kanada haujali mwajiri. Unataka uwe nchini siku 730 katika kila miaka mitano. Makochi safari hii tumenunua mapya, kwa mkopo, na yana rangi ambayo mtu mwenye mpango wa kuondoka asingeichagua.

Wenzangu wa Muscat hunipigia kuuliza alama. Nawaambia alama zinahesabika dakika kumi, waandike kwanza yale majina. Hawapendi jibu hilo. Mmoja alisema mumewe hawezi kuandikwa chini ya mkewe hata kwenye karatasi. Nikamwambia basi wasijaze, na sikusema kwa kejeli. Mpangilio ule hauishii kwenye fomu. Unahamia kwenye mshahara, kwenye nani anamjua mwalimu wa mtoto, nani anaendesha gari kwanza, nani anaulizwa na karani wa benki. Mwanamume asiyeweza kuuvumilia kwenye karatasi hatauvumilia Februari.

Liko moja ambalo karatasi ya mume wangu haikuligusa. Mkaazi wa kudumu anaweza kuomba uraia akitimiza siku 1,095 nchini katika miaka mitano. Jirani yetu Mkenya haelewi tunahangaika nini. Katiba yao ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na wa pili. Mimi na watoto tumekubaliana kuomba wakati ukifika, mimi nikijua ninachokiacha, watoto wakiwa na nafasi ya kuchagua wakifika 18. Mume wangu amesema yeye haapi. Atabaki Mtanzania, akae kwa kadi yake ya ukaazi mpaka akichoka arudi Ngamiani kwenye karakana yake. Hatukugombana. Ila kiwanja cha Kange kimeandikwa jina langu, na asiye raia Tanzania hamilikishwi ardhi kama raia. Najua serikali imeandaa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na ardhi imo kwenye mpango huo. Mume wangu anasema paa lake haliezekwi juu ya mpango.

Kwa hiyo tumeanza kuhamisha hati kutoka jina langu kwenda lake. Dada yangu ndiye anayefuatilia. Alipopeleka karatasi za kwanza, karani alizisoma zote, akavua miwani, akamuuliza kwa sauti ya chini kama tumeachana.